Kiazi Kitamu na Asumini: Mlinganisho Ulioishia Njiani

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa bustani wa gazeti lako umelinganisha kiazi kitamu na asumini kwa kuuliza swali moja tu, yaani ni mmea upi unaostahili kupewa kipande kidogo cha ardhi alichonacho mtu. Mwandishi aliliweka tumbo upande huu na pua upande ule, akalipa tumbo ushindi, na hapo akafunga mjadala. Sina ugomvi na anayechagua kiazi, kwa kuwa njaa haibembelezwi kwa harufu. Ninachokilalamikia ni kwamba makala hiyo imemwacha msomaji akiamini kuwa mimea hii miwili inatofautiana kwa matumizi peke yake, na kwamba mkono unaojua kuutunza mmoja utaweza kuutunza na wa pili kwa namna ile ile. Imani hiyo niliwahi kuwa nayo, na ilinigharimu msimu mzima.

Nilikuwa na mwasumini uliokwisha kushika vizuri kwenye kichanja cha fito, nikaona udongo wa chini yake unakaa wazi bure. Nikainua tuta, nikachomeka marando ya viazi, na tangu siku hiyo nikawa ninaimwagilia mimea yote kwa pamoja na kuitilia samadi ya kuku kila baada ya wiki chache. Baada ya miezi mitatu bustani ilikuwa inapendeza kuliko wakati wowote. Majani ya viazi yalikuwa mapana na ya kijani kilichokolea, marando yalikuwa yamezipanda fito na kujisokota kwenye matawi ya jirani yao, na mwasumini nao ulikuwa unatoa machipukizi marefu yanayong'aa. Maua tu ndiyo hayakuonekana. Katika mwezi wa tano tangu kupanda, nilipolichimba tuta, nilikuta mizizi mirefu yenye nyuzinyuzi, minene kama penseli, na hakuna hata mmoja uliovimba kiasi cha kufaa chungu. Nilipoteza nusu siku nikitafuta fukusi na dalili za maradhi, ilhali aliyeleta hasara alikuwa ni mimi na ndoo yangu ya samadi.

Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ikizidi huuambia mmea kwamba huu ni wakati wa kukua, si wakati wa kuweka akiba wala wa kuchanua. Hapa ndipo mimea hii miwili inapofanana kweli, ingawa makala haikugusia: yote miwili ukiishibisha kupita kiasi hukulipa majani matupu. Yote miwili pia haivumilii maji yaliyotuama kwenye mizizi, na yote miwili huungua kwa jalidi. Ukishatoka hapo, njia zao zinaachana, na zinaachana kwa sababu iliyo ndani ya mimea yenyewe, wala si kwa sababu sisi tumeamua kuula mmoja na kuunusa mwingine.

Kabla ya kuieleza sababu hiyo, niruhusu nisahihishe jambo moja la ukoo. Makala ilisema kwamba kiazi kitamu na asumini ni “mimea tambazi ya jamii moja”. Kutambaa si ukoo. Kiazi kitamu, ambacho wataalamu hukiita Ipomoea batatas, ni cha familia ya Convolvulaceae, pamoja na yale maua ya tarumbeta yanayofunguka alfajiri kwenye nyua na vichaka. Asumini inayopandwa zaidi bustanini kwa ajili ya harufu, Jasminum sambac, ni ya familia ya Oleaceae, ambayo ndiyo familia ya mzeituni. Msomaji hahitaji maabara ili kulithibitisha hilo. Achukue ua la kiazi, alipasue kwa kucha kuanzia mdomoni hadi shingoni, ahesabu stameni, yaani vile vijiti vinavyobeba chavua: atakuta tano, zimezungukwa na petali tano zilizoungana kuwa faneli moja ya zambarau iliyopauka, yenye koo lililokolea. Kisha achukue ua la asumini lisilo na tabaka nyingi na kulipasua vivyo hivyo: atakuta stameni mbili tu, zimejificha ndani ya mrija mwembamba. Nasema lisilo na tabaka nyingi kwa sababu zipo aina ambazo ua lake limefungamana kama waridi dogo, na humo stameni hazionekani kirahisi. Asiye na ua mkononi atazame majani: ya kiazi hukaa moja moja kwa kupishana kwenye rando, na ya asumini hukaa mawili yakitazamana, au pengine matatu kwenye fundo moja.

Inafurahisha kwamba mimea yote hii miwili iliingia katika kitabu kimoja cha mwaka 1753 cha Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya kitaalamu, na yote miwili ikiwa na majina ambayo haikubaki nayo. Kiazi kiliandikwa Convolvulus batatas na asumini ikaandikwa Nyctanthes sambac. Hii ya pili ilihamishiwa kwenye jenasi, yaani kundi la mimea iliyo karibu kwa ukoo, ya Jasminum mwaka 1789. Basi hata mabingwa walihitaji kurudi na kutazama tena, na mwandishi wa ukurasa wa bustani asione haya kufanya hivyo.

Makala pia ilikitaja kiazi kitamu kama “ndugu mtamu wa mbatata”. Kosa hili ni la kawaida, na lugha yenyewe inalichochea, maana neno mbatata lina chimbuko katika batata, jina la kiazi kitamu katika visiwa vya Karibi, ambalo baadaye lilitua juu ya zao jingine kabisa. Mbatata, au kiazi mviringo, ni shina lililovimba chini ya ardhi; ndiyo maana lina macho yaliyotawanyika kila upande, na likiachwa juani hugeuka kijani na kuwa na sumu. Kiazi kitamu ni mzizi. Hakina macho ya namna hiyo, na kikichipua, machipukizi mengi hutokea upande ule uliokuwa umeshikana na mmea mama. Tofauti hii si ya kujionyesha usomi. Mbatata hupandwa kwa kukizika kiazi chenyewe, na kiazi kitamu kwa kawaida hupandwa kwa kukata rando; anayevichanganya atazika viazi vyake vitamu vyote ardhini asibakiwe na cha kula.

Sasa nirejee kwenye sababu. Mmea wa kiazi kitamu ni mweka akiba. Sukari inayotengenezwa majani yakiota jua husafirishwa chini, ikageuzwa wanga, ikafungiwa katika mizizi michache iliyoteuliwa, na uteuzi huo hufanyika mapema, katika wiki chache za mwanzo baada ya kupanda. Udongo ukiwa umeshindiliwa wakati huo, au ukiwa mkavu mno, au umelowa hadi hauna hewa, mizizi iliyokusudiwa kuvimba hukomaa kuwa migumu kama kamba, na hakuna mbolea ya baadaye itakayoirudisha nyuma. Ndiyo sababu ya tuta. Hatulimi tuta kwa mazoea. Tunaupa mzizi udongo uliolegea ili uweze kusukuma pembeni unapovimba.

Mwasumini hauna hazina ya namna hiyo. Mali yake huitumia juu, hadharani, na kwa sehemu kubwa huitumia usiku. Tumba jeupe lililokaa kimya mchana kutwa huanza kulegea jua linapozama, na likishafunguka hutoa hewani mchanganyiko wa kemikali nyepesi, miongoni mwao linaloli, asetati ya benzili na indoli. Hiyo indoli ni kitu cha ajabu, kwa kuwa ikiwa nyingi hunuka vibaya, na ikiwa chembe tu ndiyo inayoipa asumini ule uzito unaoitofautisha na maua ya harufu nyepesi. Weupe na harufu ya usiku ni mwito kwa nondo, ambao hawana haja ya rangi gizani. Na hapa kuna kichekesho kidogo: mwasumini wa bustanini huita kwa nguvu zote hizo, lakini ni nadra sana kufunga tunda. Hutoa mwaliko kila usiku, na karamu haifanyiki.

Ua la kiazi nalo halidumu. Hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyo hiyo, mara nyingi kabla ya jua kuteremka. Kwa hiyo kwenye kichanja changu, katika msimu mwingine niliokuwa nimekwisha kujifunza kubana samadi, niliwahi kuona ua la zambarau la kiazi limejikunja kama karatasi iliyolowa, na pembeni yake, kwenye fito ile ile, tumba la asumini linaanza kufunguka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekuwa nikiwashughulikia wafanyakazi wawili wa zamu tofauti kana kwamba wanaingia kazini saa ile ile.

Kutokana na tabia hizo mbili ndipo inapotoka kazi ya mkono, na kazi hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa kiini cha makala. Kiazi kitamu ni mmea wa mwisho mmoja. Unakata rando la sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye ncha ya mmea usio na ugonjwa, unalichomeka hadi mafundo mawili au matatu yamezama, unaacha nafasi ya kama sentimita 30 kabla ya kuchomeka jingine, kisha unangoja kati ya miezi mitatu na mitano kutegemea aina na hali ya hewa. Katika muda huo wote kazi kubwa ni kulilinda tuta. Kiazi kinapovimba hulipasua, na ufa huo ni mlango wa fukusi, kwa kuwa mdudu huyu hana miguu ya kuchimba chini. Hupita penye ufa ndipo akataga mayai kwenye mzizi. Anayepandisha udongo na kuziba nyufa kwa jembe anafanya kinga bora kuliko anayesubiri kununua dawa. Kiazi kilichotobolewa na fukusi huwa kichungu, kwa sababu mmea hujitetea kwa kutengeneza kemikali kali ndani ya nyama yake. Uchungu huo hautoki kwa kupika, na si vyema kumpa mfugo kilichomshinda mtu, kwa maana baadhi ya kemikali zinazozaliwa katika kiazi kilichoharibika hudhuru mapafu ya ng'ombe.

Baada ya kuchimba kuna hatua ambayo wengi wetu tunairuka, nami niliiruka kwa miaka. Kiazi kilichotoka ardhini kina michubuko, na ngozi yake bado ni laini kiasi kwamba kidole gumba huweza kuimenya. Kikikaa siku nne hadi saba mahali penye joto la karibu nyuzi 29 za Selsiasi na unyevunyevu mwingi hewani, jeraha lake huota ngozi mpya, na baadhi ya wanga wake huanza kugeuka sukari. Kikishapona hivyo hukaa vizuri kwenye nyuzi 13 hadi 15. Kwenye jokofu kinaharibika: moyo wake hubaki mgumu hata ukipikwa kwa saa nzima, na mtu akalaumu aina ya mbegu.

Mwasumini, kinyume chake, hauna siku ya kuvunwa. Ni mmea wa miaka, na malipo yake huja kwa senti senti, kitumba kwa kitumba. Huanzishwa kwa kipande cha tawi lililokomaa nusu, cha sentimita 10 hadi 15, kilichochomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, au kwa kulilaza tawi na kulifukia udongo hadi litoe mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama yake. Hutaka jua lisilopungua saa sita kwa siku. Na hutaka mkasi, jambo ambalo wapenda maua wengi huliogopa. Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo anayeuacha mmea ujitawale kwa kuuonea huruma hupata msitu wa matawi makuukuu wenye maua machache nchani. Kata baada ya kila mkupuo wa maua, uone. Kiazi hakikatwi hivyo: kila jani unalolichuma ni kibarua mmoja aliyeachishwa kazi ya kujaza mzizi, na anayechuma matembele mengi kutoka kwenye tuta lile lile analotegemea viazi anajinyang'anya mwenyewe. Dawa ni kutenga tuta la mboga na tuta la viazi.

Naomba pia niupinge ule mstari mnene uliochorwa kati ya chakula na pambo. Ipo mimea ya kiazi kitamu inayouzwa kwa ajili ya majani yake tu, mengine ya zambarau inayokaribia weusi na mengine ya kijani cha limau, nayo hupandwa kwenye vyungu ining'inie bila mtu kufikiria kilicho chini. Asumini nayo huingia kwenye kinywaji. Katika kutengeneza chai ya asumini, matumba huchumwa mchana yakiwa bado yamefumba, kwa sababu huendelea kufunguka hata yakiwa yamekatwa mtini; usiku huchanganywa na majani makavu ya chai, ambayo huinywa harufu, na asubuhi maua hutolewa. Majani ya chai yakihitaji harufu zaidi, kazi hurudiwa kwa maua mapya.

Hata hivyo sitaki kuuvuta mlinganisho hadi ukatike. Kwenye lishe hakuna ushindani. Viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vimebeba betakarotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kazi ya kuvieneza ilichangia Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis kupewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kiazi cheupe kinashibisha vizuri tu, lakini hakina kiasi hicho cha betakarotini. Makala ilivisifia viazi vyote kwa vitamini hiyo bila kutofautisha rangi.

Nimeliacha mwisho jambo lililonifanya niandike barua hii badala ya kunung'unika peke yangu. Makala ilimalizia kwa kusema kwamba maua ya “kila aina ya asumini” yanaweza kutiwa kwenye maji ya kunywa. Sentensi hiyo ni ya hatari. Jenasi ya Jasminum ina spishi zipatazo 200, na nje yake ipo mimea isiyo asumini hata kidogo ambayo imepewa jina hilo kwa sababu ya harufu yake. Gelsemium sempervirens, wenye maua ya njano yenye umbo la tarumbeta, una sumu katika sehemu zake zote, na sumu hiyo hushika mishipa ya fahamu. Cestrum nocturnum, ambao harufu yake ya usiku hujaza ua mzima, ni wa familia ya mnavu na mbatata, na matunda yake meupe ni sumu. Trachelospermum jasminoides nao hufanana na asumini kwa weupe na harufu, ila ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na asumini ya kweli haina utomvu wa namna hiyo.

Kwenye kiazi kitamu utomvu mweupe ni jambo la kawaida. Rando lililokatwa hutiririsha maziwa, na mzizi uliochubuliwa hali kadhalika, na doa lake jeusi hubaki viganjani siku kadhaa. Hivyo dalili ile ile inayomwambia mkulima wa viazi kwamba ameshika mmea mzima wenye afya inamwambia mchuma asumini kwamba ameshika mmea usio wake. Wala mwenye viazi asijisahau, maana navyo vina jamaa wa kuogopwa: mbegu za Ipomoea tricolor, ua zuri la samawati la jenasi hiyo hiyo, zina alkaloidi zinazovuruga akili, na kufanana kwa majani si ruhusa ya kuyatia chunguni.

Kwa hiyo ninaomba, Ndugu Mhariri, kwamba ile sentensi ya “kila aina ya asumini” isahihishwe katika toleo lijalo, mahali pale pale ilipochapishwa na kwa herufi za ukubwa ule ule, na kwamba jina Jasminum sambac litajwe wazi pamoja na alama mbili ambazo msomaji anaweza kuzikagua kwa mkono wake, yaani stameni mbili ndani ya mrija na tawi lililokatwa lisilotoa maziwa. Mengine niliyoyaeleza yanaweza kusubiri nafasi ya ukurasa. Hilo lisisubiri, kwa sababu yupo msomaji ambaye huenda jioni hii amesimama kando ya ua wa jirani, mkononi ana bilauri ya maji, anachagua ua la kudondosha ndani yake.

Wako katika usomaji,
Mtunza bustani